Siku Kocha Aliponirudisha Nyumbani

Jumamosi iliyopita nilikimbia mita 100 kwa sekunde 11.31. Najua, Usain Bolt alikimbia 9.58 kule Berlin mwaka 2009, kwa hiyo wa kucheka acheke. Lakini mimi niliwahi kutembelea magongo kwa ujuaji wangu mwenyewe, basi niacheni nijisifu kidogo.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana aliyeniuliza wiki hii: "Kaka, mbio ninazo, kocha wa nini?" Maneno hayohayo niliyasema mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifundisha mwenyewe. Napiga mita 100 mara kumi, napumzika dakika moja tu katikati, mwisho nalala kwenye nyasi mapafu yanawaka, najiona dume. Kumbe naufundisha mwili kukimbia ukiwa umechoka. Kasi haijengwi hivyo. Ukitoka kwa nguvu zako zote, kila mita 10 hudai kama dakika nzima ya mapumziko. Yaani mita 30, dakika tatu umekaa tu. Nani angeniambia? Siku moja, nimeshika kasi yote, msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Niliusikia kabisa, kama uzi wa gunia unavyokatika.

Nilipopona nikapata kocha. Simtaji. Kila jioni ananionyesha saa yake ya mkononi: 10.9! Nikatangaza kwa ndugu na jamaa. Siku ya mashindano saa ya umeme ikasema 11.6, na ndugu wote wapo jukwaani. Baadaye nikaelewa: anayepima kwa kidole huchelewa kubonyeza bastola inapolia, ndiyo maana muda wake huongezwa sekunde 0.24 ili ulingane na wa umeme. Ongeza basi, uone kama inafika 11.6. Zilizobaki alinizawadia yeye. Mpaka leo inaniuma.

Wa sasa ni mzee mpole. Kabla ya kuniuliza muda wangu aliniuliza nimewahi kuumia wapi. Kisha mita 20, mara sita, mapumziko marefu hadi nikaona aibu. Saa hakuishika, alichuchumaa pembeni akitazama nyayo zangu. "Mguu unatua mbele mno ya kiuno," akasema, "kila hatua unajipiga breki." Nilipojipanga kwa mara ya saba akakataa. "Kasi imeshapungua. Nenda nyumbani." Nilinuna njia nzima, maana nguvu bado ninazo!

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Kabla hujajiunga na kocha, nenda kamtazame akifundisha, hata mara tatu. Vijana wake wanapumzika? Wangapi wanachechemea? Akikuahidi muda fulani kabla hajakuona ukikimbia, mshukuru, ondoka. Viatu vya spaiki na vibao vya kuanzia visikutoe roho, vitakuja. Na ukimpata wa kweli, acha ujuaji. Akisema pumzika, pumzika. Narudia: akisema pumzika, pumzika! Mnapenda jasho kuliko kasi, hilo ndilo tatizo lenu, na lilikuwa langu.

Jumamosi ile nilimkimbilia mzee nikihema, 11.31 iko mdomoni. Akaniuliza kwanza paja linasemaje. Kisha akasema nilinyanyua kichwa mapema, mita ya 15 tu nimeshasimama wima, na Jumatatu tunaanzia hapo.