Amita ya ndege ikidanganya, pima milivolti kabla ya kununua kifaa

Ndege yangu ya viti viwili, niliyoiunda kwa miaka sita katika banda la kukodi hapa Ohio, ilikuwa imeruka saa 9 kati ya saa 40 za majaribio ilizopangiwa, pale amita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, ilipoanza kuonyesha ampea 33 nusu saa baada ya kupaa. Kwa hesabu niliyoiandika nilipokuwa nikichora mfumo wa umeme, pampu ya mafuta, redio, transponda (kifaa kinachojibu rada) na skrini ya injini havikupaswa kuvuta zaidi ya ampea 15 kwa pamoja, na uwezo wa alternata yenyewe, jenereta inayoendeshwa na injini, ni ampea 40. Niliamini kuwa regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za alternata, imeharibika, nikanunua nyingine, nikaifunga, nikarudi angani, na amita ikasoma 33 vilevile. Wiki mbili na fedha zangu zilipotea kwa sababu nilibadilisha kifaa ambacho sikuwa nimekipima.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote huo. Voltimita ilisimama kwenye volti 14.2 bila kutikisika, na hiyo ni volti ya kawaida ya mfumo wa volti 12 wakati alternata inafanya kazi. Kama kweli alternata ilikuwa ikitoa ampea 33 na vifaa vinakula 15, basi ampea 18 zilizobaki zilipaswa kuingia kwenye betri, na betri ndogo iliyokwisha kujaa haipokei mkondo mkubwa kiasi hicho kwa volti 14.2 baada ya nusu saa nzima. Vipimo viwili vilikuwa vinapingana, nami nikasadiki kile kilicho rahisi zaidi kukosea.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha unajua amita yako imewekwa wapi kwenye mzunguko, kwa maana nimekutana na waundaji wenzangu waliotafuta hitilafu isiyokuwapo. Amita iliyowekwa kwenye njia ya betri ina sifuri katikati: mara tu baada ya kuwasha injini huenda upande wa kujaza, kisha hushuka taratibu hadi karibu na sifuri, na alternata ikifa huonyesha upande wa hasi. Amita iliyowekwa kwenye waya unaotoka alternata huonyesha mzigo wote, haikaribii sifuri katika safari ya kawaida, na alternata ikifa ndipo huanguka hadi sifuri. Sifuri hiyohiyo, basi, ni habari njema kwenye ndege moja na ni onyo la kutua mapema kwenye nyingine. Yangu ni ya aina ya pili.

Jambo ambalo ningependa kila muundaji alielewe vizuri ni kwamba amita nyingi za ndege zetu hazipitishi ampea hata moja ndani yake. Mkondo mkubwa hupita kwenye shanti, yaani kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana, na amita husoma tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake mbili. Shanti yangu imeandikwa 60 A, 50 mV, maana yake ampea 60 zikipita hutokea milivolti 50. Ampea 15 hutoa milivolti 12.5 tu. Katika vipimo vidogo namna hii, kiungo kimoja kibovu chenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu huongeza milivolti 15 kwa mkondo huohuo wa ampea 15, na amita, isiyoweza kutofautisha, huzihesabu kama ampea 18 za ziada. Kumi na tano na kumi na nane ni thelathini na tatu.

Upimaji wenyewe ulinichukua asubuhi moja. Kwa kuwa mkondo wa alternata haupiti mpaka injini izunguke, na kwa kuwa hakuna sababu yoyote ya mtu kusimama karibu na propela akiwa na maltimita mkononi, nilivuta jozi ya waya mwembamba kutoka kwenye skrubu ndogo za shanti hadi ndani ya chumba cha rubani. Kila waya niliuwekea fyuzi ya ampea 1 pale unapoanzia, kwa sababu nyaya hizo zimebeba nguvu yote ya betri endapo zitagusa bodi. Niliondoa waya hasi wa betri kabla ya kazi hiyo, nikaurudisha ilipokwisha, kisha nikafunga ndege kwa kamba na vizuizi vya magurudumu ndipo nikawasha injini. Kwenye skrubu za shanti nilipata milivolti 12.5. Nyuma ya amita nilipata 27.5.

Hapo shauri likawa limekwisha. Waya mmoja wa amita sikuwa nimeufunga kwenye skrubu yake ndogo. Niliufunga kwenye boliti kubwa, juu ya kichwa cha shaba cha kebo nene, na nati ile ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Amita ilikuwa ikipima shanti pamoja na kiungo kibovu. Nilisafisha shaba, nikakaza nati, nikahamishia waya kwenye skrubu yake.

Makosa mengine yana alama zake. Ukifunga shanti ya ampea 100 kwenye amita iliyopangwa kwa 60, utasoma asilimia 60 ya ukweli nyakati zote, na 15 itaonekana kama 9. Nyaya zikipishana, chanya huonekana hasi na hasi chanya. Sensa ya Hall (inayopima mkondo kwa sumaku yake, bila shanti) isiyorekebishwa sifuri yake hukosea kwa kiasi kilekile, mzigo uwe mkubwa au mdogo, ilhali kiungo kibovu hukosea zaidi kadiri mkondo unavyoongezeka. Mkondo wa stata, mota ya kuwashia injini, usipitishwe kabisa kwenye shanti.

Mshale unaochezacheza ni suala jingine, na mara nyingi amita haina hatia. Regyuleta hupima volti kupitia swichi kuu, fyuzi na viungo kadhaa, na vikichakaa hupoteza volti njiani, kwa hiyo regyuleta hudhani volti zimeshuka, huongeza, hupunguza, huongeza tena. Pima tofauti ya volti kati ya baa ya umeme (chuma kinachogawa umeme kwa vifaa) na mguu wa regyuleta huku alternata ikiwa imewashwa. Mimi nikipata nusu volti hapo, siendi kutafuta kwingine mpaka viungo hivyo viwe safi.

Siku hizi nati ya shanti ina mstari wa rangi nyekundu unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye kitako chake, na kila ninapofungua kifuniko cha injini ndio ninaoutazama kwanza, kwa kuwa mstari ukikatika, nati imesogea.