Nilisogeza meza karibu na jenereta, makosa ya namba yakapungua

Mimi niko na kabini ya kutuma pesa kwa simu huku Kadutu, hapa Bukavu, na wenye kazi hii mtanielewa, haitaki akili nyingi, inataka tu ukamate namba kumi kichwani sekunde chache halafu uzipige. Na ni kwa hizo sekunde ndo nilipoteza dola 50.

Ilikuwa saa tano asubuhi, soko limejaa. Mama mmoja ananisomea namba ya mtoto wake wa Uvira, kwa Kifaransa, mbili mbili, kama tunavyosomaka wote. Nyuma yangu kijana wa dawa ya panya na megafoni yake inayorudia yaleyale tangu asubuhi, pembeni mwenye viatu anaita "elfu tano, elfu tano, mama karibu". Mama akasema 31 kisha 58, mimi nikapiga 58 kisha 31. Ona vizuri, hakuna namba niliyosahau, ni mpangilio tu uligeuka. Jina likatokea kwenye simu, sikulisoma, nikaweka kodi ya siri, ile PIN. Aliyepokea akatoa pesa palepale na simu akazima. Nikalipa mfukoni mwangu, na mume wangu mpaka leo akitaka kunichokoza anauliza "31 iko wapi?"

Nilijiona mjinga, kumbe jambo lenyewe limepimwa zamani. Mwaka 1976 watafiti wawili, Colle na Welsh, waliwapa wanafunzi wa Marekani herufi za kuangalia kwa macho na kuzikumbuka kwa mpangilio, huku masikioni wanasomewa Kijerumani wasichokijua. Ilikuwa sauti ya kupuuza tu, na bado walikosea zaidi kuliko kwenye kimya. Kwa hiyo usiniambie "mimi hata sisikilizi hiyo megafoni", haina haja usikilize. Miaka ya 1980 Salamé na Baddeley wakaona maneno ya watu ndo yanaharibu, mvumo wa sawasawa hauharibu hivyo.

Mimi naielewaga kama kusuka nywele. Namba ukizishika kichwani unazisuka kwa kujisemea kimyakimya, moja nyuma ya nyingine, na sauti inayobadilikabadilika nayo inajisuka yenyewe pembeni bila kukuomba ruhusa, basi nywele za upande huu zinaingia upande ule. Jenereta haina cha kusuka, ni vuuuu tu. Mvua kwenye mabati pia.

Ndo nikasogeza meza karibu na jenereta ya kinyozi. Watu walicheka. Moshi upo, sikatai, na jioni kichwa kinauma, kwa hiyo usikae karibu mno ukaua masikio ju ya namba. Ila megafoni sasa inanifikia imemezwa na ule mvumo, maneno siyashiki tena. Kupunguza sauti peke yake hakusaidii sana, redio ndogo inayoongea pembeni bado inakuvuruga, nilijaribu.

Lakini kilichoniokoa hasa ni daftari. Kichwa sikiamini tena, mteja anaandika namba mwenyewe, asiyejua kuandika ananipa simu yake nanakili, halafu namsomea kwa sauti, naye anaitika. Jina likitokea nalitamka kabla ya kodi, hata kama foleni inanung'unika. Na mtu akinisemesha katikati ya namba ("yaya, uko na chenji?") simjibu, na kama nimeshapoteza uzi nafuta zote naanza upya, siendelei na nusu, ju nusu ndo inadanganya.

Siku kwaya ya kanisa la jirani inafanya mazoezi, namba ya kusomewa kwa mdomo siipokei kabisa. Mteja akikasirika aende kabini ya ng'ambo. Kule karibu na dawa ya panya.