Pichi kubwa haiokoi mafuta

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Lang'ata lakini boti yangu iko Naivasha. Ni ya fibaglasi, futi 18, ya mwaka 1988, na injini ya farasi 60, ile ya zamani ya kuchanganya oili na petroli. Niliinunua Kilifi ikiwa na propela ya pichi 15, yaani ile ya kusonga inchi 15 mbele kwa kila mzunguko. Kule ilikuwa ikifika mizunguko 5,200 kwa dakika. Hapa nikisukuma mkono wa mafuta hadi mwisho haipiti 4,600, na kitabu chake kinataka 5,000 hadi 5,500. Petroli inakwisha upesi mno. Fundi wa huku ufukoni anasema nifunge pichi 17, injini izunguke polepole, mafuta yapungue kwenye mwendo wa kawaida. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize.

Ushauri huo unafika hapa karakana, Industrial Area, karibu kila mwezi, na hoja ni ileile: mizunguko michache, mafuta machache. Ukirudi Nairobi Jumapili jioni, tazama lori lililojaa likipanda kutoka Mai Mahiu huku dereva kang'ang'ania gia ya juu. Injini inazunguka polepole, ndiyo, lakini inatetemeka, inatoa moshi, na mafuta inayokunywa hayana hesabu. Boti iko kwenye mlima huo siku zote, kwa sababu maji hayana mteremko wa kukupumzisha.

Kila inchi ya pichi unayoongeza hula mizunguko 150 hadi 200 hivi. Ukifunga 17 utabaki kwenye 4,200 au 4,300. Hapo injini inabanwa: joto linapanda ndani ya silinda, masizi yanajaa, ringi za pistoni zinanata. Mezani kwangu nina pistoni ya boti moja iliyoshauriwa hivyo. Ringi ya juu imegandia kwenye mfereji wake, hata kwa bisibisi haitoki, na ubavu umechanika mistari kama uliopigwa msasa. Mwenyewe alitaka kuokoa lita chache.

Kisa chako kinaanzia hewani. Ziwa Naivasha liko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Karibu moja ya tano imekwenda. Wale farasi 60 hapa hawafiki 50, wengine wamebaki Kilifi. Halafu kabureta iliyopimwa pwani inamwaga petroli nyingi kwenye hewa hii nyepesi. Fungua plagi, zikiwa nyeusi na mbichi, badilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Pichi ishuke. Anza na 13. Ukiwa na watu na mizigo unayobeba kawaida, sukuma mkono wa mafuta hadi mwisho usome geji ya mizunguko. Ikikataa kufika 5,000, nenda 12. Utaona boti inapanda juu ya maji mapema, kisha unarudisha mkono hadi pale inapobaki juu bila kuhangaika. Hapo ndipo mwendo wako wa safari. Au nenda taratibu kabisa, kilomita 9 au 10 kwa saa. Kati ya mwendo huo wa taratibu na ule wa juu ya maji, pua ikiwa imeelekea mbinguni na mkia umezama, ndipo petroli yako inapokwisha, na pichi 17 ingekuweka hapo muda mrefu zaidi.

Boti ya umri huo pia ina siri zake. Povu lililo chini ya sakafu hunywa maji miaka nenda miaka rudi, na kila lita ni kilo moja unayoisukuma. Ipitishe kwenye mizani ikiwa juu ya trela. Kisha chora mstari wa rangi kwenye kitovu cha propela, uvuke kutoka chuma cha ndani hadi cha nje. Ukirudi toka majini ukute mstari umekatika na vipande viwili havitazamani, mpira wa ndani unaounganisha vyuma hivyo unateleza, na hakuna pichi itakayokusaidia.

Sasa, hawa jamaa wa grainda. Mtu anakwambia hakuna haja ya propela mpya, atapunguza mabawa ya hii yako kwa macho, dakika kumi tu, bei ya chai. Mabawa yasiyolingana uzito hutikisa shafti, sili zinalegea, maji yanaingia kwenye gia, na siku ukimwaga oili inatoka rangi ya chai ya maziwa. Gia hizo zinagharimu propela kadhaa. Wengine wanauza sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli. Wote hao wana alama moja: hakuna anayekuuliza geji ilisoma ngapi.

Hiyo 15 usiiuze. Ukirudisha boti baharini, pichi 13 itaizungusha injini kupita 5,500, nayo ni hatari nyingine. Iweke chini ya kiti pamoja na nati, pini na spana yake.