Anza na maji, Mwalimu

Shikamoo Mwalimu. Umeuliza kati ya kisiwa cha Manda na kijiji cha Kipungani, huku Lamu, ni wapi pa kujenga ukistaafu, mbali na kelele, kwa umeme wa jua. Mimi nasema Kipungani. Jua Lamu lipo tele. Maji ndiyo yatakayokuhamisha. Manda maji matamu ni shida, na hata watu wa Takwa, mji wa kale kisiwani humo, waliuhama mji wao karne ya 17, kisima kuingia chumvi ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Popote utakapochagua, chimba jabia la kukingia mvua za masika kabla hujainua ukuta wa nyumba. Kisima cha jirani kionje mwezi wa pili au wa tatu, kiangazi kimekaza. Usikionje Juni, kitakudanganya.

Halafu hospitali. King Fahd iko mjini Lamu, na usiku, maji yamekupwa, safari ya mashua huwa ndefu kwa mtu mwenye presha. Panga kwanza nyumba ya kukodi mwaka mzima, uuone upepo wa kusi na wa kaskazi. Na kiwanja kisicho na hati, nakusihi Mwalimu wangu, usikitolee hata shilingi moja ya kiinua mgongo chako.