Mpwa, umeniuliza kuhusu Jozi

Mpwa, ujumbe wako nimeupata: "Mjomba, ubaguzi si uliisha 1994? Mbona miaka tisa uko Bondeni na bado unakaa chumba cha kushea?" Najua na wenzako wa kijiweni walicheka. Haya, nikujibu nikiwa hapa Jozi, yaani Johannesburg, Afrika Kusini.

Zile picha ninazokutumia za Sandton, mtaa wa matajiri, ni za kazini. Naosha vyombo kwenye mgahawa pale, jirani na soko la hisa. Ng'ambo ya barabara kuu ya M1 kuna Alexandra, mabati yamebebana na mabati, na kwenda ni mwendo wa miguu tu. Sheria ya kuwagawia watu mitaa kwa rangi ilitungwa 1950, ikafutwa 1991. Serikali mpya ikajenga nyumba za bure, wanaziita RDP, nyingi kwelikweli, wala sizibezi. Shida ni kwamba zilijengwa penye viwanja vya bei rahisi, na viwanja vya bei rahisi viko kulekule makaburu walikowasukumia watu weusi.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi anayo ya kwake Orange Farm, zaidi ya kilomita 40 kusini mwa jiji. Anatoka saa kumi alfajiri, anaunganisha teksi mbili, yaani vipanya kama vya huko kwetu. Havina kondakta: anayekaa mbele na dereva ndiye anayekusanya nauli za gari zima na kurudisha chenji. Yeye kiti hicho hukikwepa, maana akiegemea tu, kalala. Mwezi uliopita alipiga hesabu juu ya boksi la mayai, nauli ikawa imekula karibu theluthi ya mshahara. Nyumba bure, kuifikia ndiyo kasheshe.

Mimi nikaamua kukaa karibu, Hillbrow, ghorofa ya nane. Lifti ilikufa kabla sijafika, maji napandisha kwa dumu. Agosti 2023 jengo moja la mjini, Mtaa wa Albert, liliungua usiku, wakafa watu zaidi ya 70, Watanzania wakiwemo. Lilikuwa mali ya jiji. Enzi za makaburu, hapo ndipo mtu mweusi alipofuata pasi ya kumruhusu kuwa mjini. Wiki ile mama yako alinipigia mara ngapi, muulize. Tangu hapo nina kamba chini ya kitanda. Nimeipima: inaishia ghorofa ya tatu.

Na sisi wageni tuna letu la ziada. Fujo za 2008 za kuwapiga wageni zilianzia hapohapo Alexandra. Hasira ya wenyeji naielewa, ila walimpiga jirani wa kibanda cha pili, M1 hawakuivuka.

Maliza kwanza VETA, ndipo tuongee nauli ya basi. Hao wa kijiweni waambie picha za Sandton bado zipo, Jumapili natuma nyingine.