Ripoti ya uthamini ilipokosea: nilichofanya baada ya kununua nyumba

Aliyegundua kosa alikuwa fundi wa marumaru. Alikuwa amemaliza vyumba viwili, akaniita: "Dada, maboksi yatabaki mengi. Nyumba hii haifiki mita mia mbili." Niliagiza kwa kufuata ripoti ya uthamini, yaani makadirio ya thamani ya nyumba, ambayo benki iliitegemea kunipa mkopo, nayo ilisema mita za mraba 214. Tukashika futi kamba, tukapima kuta za nje kona hadi kona. Zikatoka 168.

Mita 46 zilizopungua zilikuwa zimethaminiwa kwa shilingi 600,000 kila moja. Milioni 27 na laki 6 za ujenzi usiokuwapo.

Nilipoisoma ripoti upya, safari hii mstari kwa mstari, nikaona chanzo. Mthamini alichukua vipimo kwenye ramani ya kibali cha ujenzi, na ramani ile ina chumba cha wageni na baraza la nyuma ambavyo mwenye nyumba wa kwanza hakuvijenga. Kama unanunua leo, hakikisha upo siku mthamini anapokuja, na uone anapima.

Fedha niliyomzidishia muuzaji sikuipata tena, na wakili alinieleza kwa nini: mkataba wetu ulitaja kiwanja na nyumba iliyomo, haukutaja ukubwa wa nyumba. Iliniuma sana. Kama nawe umeshasaini, muone wakili mapema.

Ambako nilikuwa bado naumia kila mwaka ni kwenye bima. Benki ilitaka nyumba ikatiwe bima muda wote wa mkopo, na kiwango cha bima kilitolewa moja kwa moja kwenye thamani ya soko iliyo katika ripoti. Kwa hiyo nililipia vyumba visivyokuwapo, na nikalipia kiwanja pia, wakati moto hauunguzi ardhi. Bima ya nyumba hulipa hasara uliyoipata kweli. Kukata kiwango kikubwa kupita gharama ya kujenga upya hakukuongezei kitu siku ya janga. Tazama karatasi zako za bima kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa kampuni ya uthamini nilianza kwa simu, nikaambiwa "tutaangalia". Wiki tatu kimya. Ndipo nikaandika barua, nikaambatanisha mchoro wa vipimo vyetu na picha za upande wa nyuma, nakala nikampa afisa mikopo wa benki. Niliomba jambo moja tu: waje wapime tena. Nikataja pia kwamba wathamini Tanzania husajiliwa na kusimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya sheria ya mwaka 2016, na kwamba malalamiko yangu yatafika huko nisipojibiwa. Sikutukana mtu. Walikuja, wakapima, wakatoa ripoti mpya bila malipo, na benki ikakubali bima ishuke hadi gharama ya kujenga upya.

Ukipewa ripoti, omba nakala yako hata kama benki ndiyo iliyoagiza, maana gharama yake mara nyingi hutoka mfukoni mwako. Linganisha ukubwa wa kiwanja na ule ulio kwenye hati. Kama kuna mto karibu, pima umbali: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake, na Dar es Salaam tumeona nyumba zikivunjwa.

Ramani ile ya zamani sikuitupa. Nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu, "chumba hiki hakikujengwa", nikaiweka pamoja na hati, ili atakayeinunua nyumba hii baada yangu aikute.