Maswali na majibu: mawimbi ya Matema

Nilijifunza kuteleza kwa ubao kule Durban, sasa nasimama vizuri. Je, Matema panafaa? (Msomaji, Uyole)

Kwa mazoezi panafaa, kaka, ila usitegemee wimbi la Durban. Lile huzaliwa na dhoruba za mbali kusini, likafika pwani limejipanga, mara nyingi sekunde kumi au zaidi kabla ya jingine. Matema ipo ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 550. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki hulisukuma karibu urefu wake wote, na mawimbi hufika kwetu yakiwa makali lakini mafupi, yamebanana. Chukua ubao mrefu na mnene, maana maji baridi hayabebi kama ya chumvi.

Ufukwe ni wa wazi, mchanga mtupu. Nitajuaje pa kuingilia? (Dada wa Tukuyu)

Swali zuri kuliko yote. Usiingie mara ufikapo. Kaa mchangani dakika ishirini utazame. Wimbi linapovunjika pana fungu la mchanga, maji ni mafupi. Kati ya mafungu mawili utaona njia iliyotulia, rangi imekoza, povu na majani yakielekea ziwani. Hapo wengi huingia wakidhani ni salama, kumbe ndipo maji yote yaliyosukumwa ufukweni yanaporudi. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Shika ubao wako, piga mikono sambamba na ufukwe hadi yanapovunjika mawimbi, kisha uache yakusukume. Ukichoka, elea na uinue mkono. Na mafungu huhama: ulipoingilia mwaka jana, patazame upya.

Na wakati wa masika? (Kyela)

Kaa mbali na mdomo wa mto Lufilyo. Mto uliojaa huleta magogo, na kwenye tope humwoni mamba. Waulize wavuvi kwanza, dada, wao wanalijua ziwa siku hadi siku.

Kichocho je? (Iringa mjini)

Kipo. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo usisimame kwenye matete ukipumzika. Pima kama miezi mitatu baada ya safari; dawa yake, praziquantel, inatibu vizuri. Ukipata homa kabla ya hapo, mwambie daktari kwamba ulioga Nyasa, la sivyo atahangaika na malaria peke yake.